Kaske ni Mali ya Kichwa, si Mali ya Polisi



Yako maneno yanayotembea kutoka Katuba mpaka Ruashi kila mara msafara wa pikipiki unapoitishwa. Ukiwa ni msafara wa kumpokea mkubwa wa siasa kutoka uwanja wa ndege wa Luano, au wa kuwashangilia wachezaji wa TP Mazembe, au wa kusindikiza maiti ya mwenzetu makaburini, maneno ni yale yale: "Siku hiyo hakuna kaske. Tukiwa wengi watatufanya nini?" Vijana hucheka, hupiga honi, na shauri huwa limekwisha kukatwa.

Sisi twasema hapana. Hatukatai msafara, msafara ni haki yetu na tutakwenda. Twakataa kichwa kitupu. Na twataka kueleza sababu zetu kwa urefu kidogo, kwa maana jambo hili laonekana dogo kama kofia yenyewe, lakini ndani yake mna uhai wa watu na heshima ya watu. Mambo hayo mawili yakigombanishwa, watu wadogo ndio wanaozikwa.

Kwanza tujue hao wapanda pikipiki ni nani. Wakubwa hupenda kusema juu yao kama watu waliotoka porini jana. Mjini twawaita manseba, neno la Waluba wa Kasai lenye maana ya mjomba. Basi ni wajomba zetu, na zaidi ya hapo ni watoto wetu. Baba zao waliamka kwa king'ora cha kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikatwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Miaka minane baadaye haikutoa hata sehemu ya kumi ya hizo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa njia iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Baba akarudi nyumbani na bahasha moja, na bahasha ikaisha. Mtoto wake, aliyesomeshwa katika shule ya kampuni na kulishwa posho ya kampuni, hakukuta kampuni. Akakuta pikipiki.

Kwa hiyo tunapowaona manseba mia mbili wamepanga mstari, tusione wahuni. Tuone kazi iliyopotea na kazi iliyobuniwa mahali pake. Bila wao mama wa soko hafiki sokoni alfajiri, mwanafunzi hafiki shuleni, na wengi wetu hatufiki getini kabla jina halijaitwa.

Pili, tuseme wazi kwamba kukusanyika si kosa. Mji huu umelipa haki hiyo kwa damu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira hapa hapa, wakapigwa risasi na askari wa Wabelgiji. Leo iko Katiba, ile ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 26 chasema uhuru wa kuandamana umelindwa, na wenye kuandaa maandamano ya barabarani wapaswa kuwajulisha wakubwa kwa maandishi. Tusome vizuri, ndugu: kuwajulisha, si kuwaomba. Barua ikiisha kupelekwa, na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa, mwenye kwenda msafarani si mhalifu, awe kwa miguu au kwa magurudumu mawili.

Sasa hasira ya watu juu ya kaske yatoka wapi? Twaijua, wala hatuwezi kuidharau. Nchi yetu ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, na agizo la kuvaa kofia ngumu juu ya pikipiki ni agizo jema. Lakini sheria yaweza kuwa njema kitabuni na kuwa mbaya mikononi mwa mtu. Siku za kazi, manseba asiye na kaske hupita mbele ya polisi wa rulaji mara kumi asiitwe, maana polisi ameangalia upande mwingine. Jioni ikikaribia, au mwisho wa mwezi, macho hufunguka. Pikipiki husimamishwa, ufunguo huchomolewa, na kaske hukumbukwa. Franki chache zikitoka mfukoni, ufunguo hurudi, na kijana huondoka na kichwa kitupu vile vile alivyokuja. Je, hapo kichwa kimelindwa? Hapana. Kilicholindwa ni mfuko wa mtu mmoja. Na karatasi ya malipo haikuandikwa, kwa hiyo hata hazina ya serikali haikupata kitu.

Tena siku ya msafara ambao wakubwa hawaupendi, sheria ya kaske huamka na mapema kuliko jogoo. Na siku ya msafara ambao wakubwa wameuita wenyewe, sheria hiyo hulala usingizi mzito, na manseba hupita kwa mamia bila kaske, na watu wa juu huwapungia mikono. Watu wana macho. Wakiona sheria inachagua siku, wao nao hujifunza kuichagulia siku.

Liko na jambo la zamani zaidi. Wazee wetu wakumbuka habari za Elisabethville iliyokatwa vipande viwili, na katikati pakaachwa uwanja mtupu ili mji wa Wazungu usigusane na mtaa wa weusi. Mtu mweusi aliyekutwa usiku upande usio wake alidaiwa karatasi. Siku hizo kofia ilikuwa alama ya mkubwa: mwenye kofia ya jua aliamuru, na mtu mweusi aliivua yake kumsalimu. Kwa hiyo miaka hii, amri inaposikika kwamba pikipiki zisionekane katikati ya mji, na nyingine kwamba fulani avae hiki kichwani, damu ya wazee huchemka ndani yetu. Kijana anayetupa kaske siku ya msafara adhani anatupa amri ya Bula Matari.

Hasira hiyo ni ya haki. Lakini hasira ya haki yaweza kupanda barabara isiyo sawa, nasi twadhani hapo ndipo vijana wetu walipopotea njia. Maana lami haisomi siasa. Ukiianguka juu yake na kichwa kitupu, haiulizi kama ulikuwa ukipinga udhalimu au ukikimbiza abiria.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani, katika jimbo la New York, tarehe 2 Julai 2011, chama cha wapanda pikipiki kiliitisha msafara wa kupinga sheria ya kofia. Walikuja mamia, wengi na vichwa vitupu kwa makusudi. Karibu na mji wa Syracuse, mtu mmoja wa miaka 55 alishika breki, pikipiki ikayumba, akarushwa juu ya usukani, akapiga kichwa barabarani, akafa. Polisi wa jimbo walieleza kwamba, kwa maoni ya daktari, kama angalikuwa na kofia angalipona. Hatuisimulii habari hii ili tucheke maiti. Mtu huyo alikuwa na imani yake, akaifuata. Twaisimulia kwa sababu ndiyo hukumu kamili ya shauri letu: msafara ulikuwa halali, neno walilolisema liliruhusiwa kusemwa, lakini kichwa ndicho kilichotolewa kuwa bendera, na kichwa hakina cha akiba.

Yuko na Mwingereza, Fred Hill, mwalimu mstaafu wa hesabu. Uingereza ilipolazimisha kofia mwaka 1973, mzee huyu alikataa. Alipanda pikipiki yake na kofia laini ya kitambaa, akakataa kulipa faini, akafungwa mara nyingi. Alifia gerezani London mwezi wa Februari 1984, naye ana miaka 74. Wenzake humkumbuka kwa misafara hata sasa. Sisi tuliopata kujua gereza ni nini hatuwezi kumcheka mzee aliyekwenda gerezani kwa neno lake. Lakini tutazame tofauti. Fred Hill aliweza kuipata kofia nzuri dukani, akaikataa. Alikuwa na mshahara wa uzeeni. Ajali ingempata, hospitali ya nchi yake ingempokea bila kumwuliza fedha. Alichagua akijua anachochagua. Kijana wa mtaa wa Kenya hana hayo yote. Kofia nzuri haipati kwa urahisi, mshahara hana, na akiumia, ndugu zake huanza kuchanga kabla daktari hajaanza kushona. Mtu wa namna hiyo akitupa kaske, hajachagua uhuru. Amemalizia kazi ambayo umaskini ulikwisha kuianza.

Tena, Uingereza ile ile iliwasikia Masingasinga, ambao dini yao yawaamuru kuvaa kilemba, na mwaka 1976 Bunge likawaachilia lazima ya kofia. Hawakupata hayo kwa kuvunja vichwa vyao. Walipata kwa kudai, kwa kuandika, na kwa kusimama pamoja mpaka Bunge likageuka. Hiyo ndiyo njia tunayoisifu.

Sasa tuseme juu ya kaske yenyewe, kwa maana watu wengi huivaa kama wanavyovaa hirizi, bila kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1935 Mwingereza maarufu, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akaumia kichwa, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari waliomtibu, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kwamba kofia ngumu huokoa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuivaa. Tangu hapo wachunguzi wa nchi nyingi wamepima jambo hili tena na tena. Walipokusanya hesabu zao pamoja waliona kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 kwa 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 kwa 100. Hakuna dawa inayouzwa sokoni kwetu yenye sifa kama hiyo.

Lakini si kila kofia ngumu ni kofia ya barabara. Hapa sisi makarani wa mgodi tuna haki ya kusema, maana ndisi tunaoandika daftari la vifaa. Twaona mjini kaske za manjano na nyeupe za mgodini na za wajenzi zikipita juu ya pikipiki. Mwenye kuivaa adhani amemdanganya polisi. Kweli, pengine amemdanganya. Lakini amejidanganya na yeye. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ndani yake mna kanda zinazoishika mbali kidogo na utosi, ili pigo la jiwe ligawanyike. Pembeni haina kitu cha maana, na mara nyingi haina kamba ya kidevuni. Mtu akirushwa kutoka juu ya pikipiki, kaske ya mgodi huondoka kabla yake, na kichwa hufika chini peke yake.

Kaske ya barabara ni chombo kingine. Ina ganda gumu la nje, na ndani ina povu gumu, nene, linalozunguka kichwa chote. Siku ya pigo povu hilo hupondeka ili ubongo usipondeke. Kwa sababu hiyo kaske iliyokwisha kupigwa sana haifai tena, hata kama rangi yake yang'aa; kazi yake imekwisha ifanya. Na kamba yake lazima ifungwe. Kaske isiyofungwa kamba, au inayoning'inia kwenye mkono wa pikipiki ikingoja kuonekana kwa polisi, ni mzigo tu. Anayetaka kununua atazame alama: kofia iliyopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Isiyo na alama yoyote, ukiibonyeza kwa vidole ikakubali, iache kwa mwenye duka.

Watu hutujibu mambo matatu. Wa kwanza asema: "Joto la Katanga mwezi wa Oktoba halivumiliki ndani ya kaske." Twamjibu kwamba Vietnam nayo ina joto, na barabara zake zimejaa pikipiki kuliko zetu. Huko kiwanda kilijengwa Hanoi cha kutengeneza kofia nyepesi zenye matundu ya hewa, zinazofaa nchi za joto. Tarehe 15 Desemba 2007 serikali ililazimisha kofia katika barabara zote, kwa mpanda pikipiki na kwa abiria wake, na katika muda mfupi watu zaidi ya 90 katika kila 100 wakawa wanavaa. Watu hao hawana vichwa vya namna nyingine. Walitengenezewa kofia, wakapewa sheria moja kwa siku zote, na wakatii.

Wa pili asema: "Abiria atavaaje kaske iliyovaliwa na watu hamsini?" Neno hili lina haki, hasa kwa mama zetu waliosuka nywele. Lakini kitambaa chepesi chini ya kaske humaliza nusu ya shida hiyo, na kaske yaweza kufutwa na kuanikwa. Tazameni Kigali, ambako kila pikipiki ya abiria hubeba kofia ya pili na abiria huivaa bila ubishi. Twajua kutaja Kigali kutawafanya wasomaji wengine wakunje uso, kwa sababu ya vita na mateso ya ndugu zetu wa mashariki. Uso na ukunjwe. Sisi wenyewe hatuna furaha. Lakini jambo jema halibadiliki kuwa baya kwa sababu ya mahali lilipoonekana.

Wa tatu asema: "Sina fedha." Huyu ndiye tunayemsikiliza zaidi, maana anasema kweli. Manseba wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki, na kinachobaki ni chakula cha nyumbani. Mtu huyu akiambiwa anunue kaske mbili, moja yake na moja ya abiria, ni kama kuambiwa anunue mlima. Mkono mtupu haulambwi, na sheria iliyokuja kwetu na mkono mtupu isishangae ikikosa wapenzi.

Tufikiri jinsi ilivyo mgodini. Chukueni Kipushi, mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1993 na kufunguliwa tena mwaka 2024. Hakuna mtu anayeshuka chini bila kaske. Je, wachimbaji ni watu wapole kuliko manseba? La. Mgodini kaske hutolewa na mwenye kazi, huandikwa daftarini, hubadilishwa ikiharibika, na mkubwa anayeshuka huvaa yake vile vile kama mpiga koleo. Hakuna askari anayesimama mlangoni kukuuzia ruhusa ya kushuka bila hiyo. Kwa sababu hizo mfanyakazi haioni kaske kuwa alama ya utumwa. Huiona kuwa chombo chake, na huvunjika moyo ikipotea. Barabarani mambo hayo yote yamekosekana, ndiyo maana kaske imekuwa neno la ugomvi.

Basi haya ndiyo tunayoyadai.

Kwanza, kwa serikali ya jimbo na ya mji: faini ya kaske itozwe kwa karatasi yenye namba, jina la aliyetoza, na kiasi kilicholipwa, na fedha ziingie hazina. Asiyetoa karatasi asipewe kitu. Na sheria iwe ile ile siku ya kazi, siku ya msafara wa wapinzani, na siku ya msafara wa wakubwa.

Pili, ushuru wa kaske zilizopimwa uondolewe au upunguzwe katika mpaka wa Kasumbalesa. Chombo cha kuokoa uhai kisilipishwe kama marashi. Na zile za bandia zizuiwe hapo hapo mpakani, kabla hazijafika vichwani mwa watoto wetu.

Tatu, tajiri mwenye pikipiki anunue kaske mbili pamoja na pikipiki, kama vile mwenye mgodi anavyonunua koleo pamoja na kaske. Haiwezekani mtu apokee hesabu kila jioni na asidaiwe kichwa kinachomletea hesabu hiyo.

Nne, makampuni ya migodi yajue kwamba mfanyakazi hafi shimoni tu. Wengi wetu hufika kazini juu ya pikipiki kabla ya jua kutoka, katika vumbi la malori ya shaba. Kampuni inayompa mtu kaske ya ndani ya geti yaweza kumpa na kaske ya nje ya geti.

Tano, polisi wenyewe wavae. Twawaona wenye sare wamepanda watatu juu ya pikipiki moja, vichwa vitupu, wakienda kukamata wasio na kaske. Mtoto huiga anachoona, si anachoambiwa.

Lakini madai yetu yatakuwa na nguvu tukianza sisi. Kwa hiyo, ndugu manseba na ninyi mnaopanda nyuma yao, msafara ujao ukiitishwa, twendeni hivi. Barua ya kuwajulisha wakubwa iwe imepelekwa, na mwenye kuongoza msafara awe na nakala mfukoni. Kila pikipiki ibebe abiria mmoja, si watatu. Kila mtu avae kaske ya barabara na kamba yake imefungwa. Asiyekuwa nayo aazime kwa jirani asiyekwenda, au atembee kwa miguu pembeni, nasi tutakwenda polepole tumngoje. Asiwepo wa kusimama juu ya kiti, wala wa kuinua gurudumu la mbele ili wasichana wampigie vigelegele. Chupa ya Simba ingojee nyumbani. Huyo simba wa chupa amewala vijana wengi kuliko simba wa Upemba. Twende kwa mistari miwili, tuache nafasi ya gari la wagonjwa kupita. Polisi akitusimamisha, tumsalimu, tumwonyeshe barua, tumwulize jina lake na karatasi yake. Na wawepo kati yetu wanaojua kalamu, waandike saa, mahali na neno lililosemwa. Kalamu ya karani si silaha kubwa, lakini watu wanaopenda giza huiogopa.

Watakuwepo watakaosema kwamba tukivaa kaske tumewatii wakubwa, na msafara wa watu watiifu hauogopeshi mtu. Ndugu, fikirini tena. Kichwa kitupu ndicho zawadi tunayompa anayetafuta sababu. Akiwa na sababu ya kaske hahitaji kusema kwamba anaogopa neno letu. Atasema tu kwamba alikuwa akilinda usalama wa barabara. Siku tutakapopita watu mia tano, wote na kaske, wote kwa mistari, itambidi aseme ukweli mbele ya mji mzima: kwamba hakuzuia vichwa vitupu, alizuia watu. Hapo ndipo msafara unapoanza kuogopesha.

Na hata asipokuwepo polisi barabarani, na hata siku isiyo na msafara, kaske na ibaki kichwani. Kazi yake haikuwa kumpendeza polisi. Mama aliyezaa kichwa hicho, mke anayekingoja jioni, watoto wanaolishwa nacho, hao ndio wenye kudai. Wazee wetu walinyimwa mambo mengi: walinyimwa kupita usiku, walinyimwa kusema, walinyimwa kukusanyika. Sisi tumeyapata hayo kwa shida, na mengine tungali tunayadai. Twahitaji watu wazima wa akili na wa viungo kuyamaliza. Aliyelala hospitalini asiyejua jina lake hawezi kupiga kura, hawezi kugoma, hawezi hata kuimba wimbo wa msafara.

Basi twendeni msafarani, ndugu zetu. Twende wengi, tupige honi, tuseme yote tuliyokuja kusema. Na jioni turudi nyumbani wote, hesabu ile ile iliyotoka asubuhi.

Karani wa Mgodi, Lubumbashi